Lancaster House Yahamia Kariokor

Watu wetu wa pwani wakilitaja jina la Kariokor, aghalabu hukusudia moja katika mambo mawili. Ama ni lile soko la Nairobi lenye viatu vya ngozi, vyondo na nyama ya kuchoma. Ama ni makaburi ya Waislamu yaliyo mtaani humo, ambako wengi wetu tumewasindikiza jamaa waliofia Nairobi mbali na makwao. Ni wachache wanaoitaja Kariokor kwa mambo ya elimu, na wachache zaidi wanaoitaja kwa habari za Mwambao.

Lakini Jumamosi moja, katika ukumbi mdogo wa mtaa huo, nilisikiliza wanafunzi wa sekondari wapatao thelathini wakishindana kutwa nzima juu ya ukanda wa maili kumi, bendera ya Sultani, mahakama za Kadhi na ardhi ya pwani. Wote ni watoto wa Kariokor, Ziwani, Shauri Moyo na Majengo, na walio wengi hawajapata kuiona bahari. Mwalimu wao wa historia alinialika kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, akasema, "Njoo utusikilize, mzee, utuambie kama tunawadhulumu." Niliyoyasikia huko naona yatufaa sisi wa pwani kuliko yanavyowafaa wao, na ndiyo maana nayaleta kwenu, wasomaji wapenzi.

MKUTANO WA MFANO

Mchezo wenyewe si ule wa kuigiza tuliouzoea jukwaani, ambamo mtu hukariri maneno aliyoandikiwa. Huu huitwa mkutano wa mfano. Wanafunzi hugawanywa makundi ya wajumbe. Kila mmoja hupewa mtu wa historia wa kumsemea, huusoma msimamo wake kwa majuma kadha, kisha wote huketi mezani na kutafuta mapatano. Mwisho haukuandikwa popote. Wakipatana, wamepatana; wakishindwa, wameshindwa.

Katika Nairobi jambo hili si geni. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana katika ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri na kuigiza vikao vya Umoja huo. Lakini kule mtoto wa Nairobi huweza kupewa kuisemea Brazil au Norway. Mwalimu huyu alitaka wanafunzi wake wasemee mambo ya nyumbani, akachagua mikutano ya Lancaster House iliyozaa uhuru wa Kenya.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna mtoto atakayepewa kuwasemea watu wake mwenyewe. Ya pili, hakuna atakayemjibu mwenziwe kabla ya kuirudia hoja ya mwenziwe huyo mpaka mwenyewe akiri, "Naam, ndivyo nilivyosema." Waama sheria hii ya pili ingefaa kubandikwa katika mlango wa kila baraza, hata la kahawa.

JINA LA MTAA

Mahali penyewe palichaguliwa kwa makusudi, maana jina la Kariokor ni historia tupu. Katika Vita Kuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi zetu pasipo barabara wala magari ya kutosha. Risasi na chakula vilichukuliwa vichwani. Serikali ya Kiingereza ilikusanya wapagazi kwa malaki, wengi wao kwa nguvu, na kikosi chao kikaitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalilainisha jina hilo likawa Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliouawa na maradhi walizidi waliouawa na risasi. Nairobi wamesimamishiwa sanamu ya ukumbusho pamoja na askari, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza; na Mombasa upo ukumbusho kama huo, katika barabara ya Jomo Kenyatta. Majina yao hayakuandikwa.

"Watoto hawa," mwalimu aliniambia, "wanalala juu ya jina la watu ambao hawakuulizwa kitu." Kwa hiyo mbali na meza kubwa ya wajumbe, aliweka benchi moja ukutani. Hapo waliketi wanafunzi sita waliowasemea wale ambao hawakualikwa London. Walikatazwa kusema neno mpaka mwisho wa siku, ndipo wapewe dakika kumi.

Wala Eastlands si mgeni katika habari za uhuru. Katika ukumbi wa Kaloleni, si mbali na Kariokor, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU na Congress ya Wahindi akatoa hoja ya uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Haukupita mwezi akakamatwa, na hakuachiliwa mpaka 1961. Mwaka aliofunguliwa ndio mwaka ambao mazungumzo ya London yalikuwa yamekwisha anza.

MARA TATU LONDON

Lancaster House ni jumba la serikali ya Uingereza mjini London. Humo mambo ya Kenya yalijadiliwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Januari na Februari 1960, mwenyekiti akiwa Waziri wa Makoloni, Iain Macleod; na wajumbe wa Kiafrika walikuwa na mshauri wao, Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi kutoka Marekani. Mara ya pili ilianza 14 Februari ikaisha 6 Aprili 1962, chini ya Reginald Maudling. Mzee Kenyatta, aliyekuwa bado kifungoni wakati wa ule mkutano wa kwanza, safari hii alikuwako. Mara ya tatu ilikuwa 25 Septemba hadi 19 Oktoba 1963, chini ya Duncan Sandys. Wanafunzi wa Kariokor waliuigiza ule wa pili asubuhi na ule wa tatu alasiri.

Wasomaji vijana huenda wakauliza Mwambao uliingiaje. Kwa mkataba wa 1895, Sultani wa Unguja alimwachia Mwingereza kuutawala ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, pamoja na visiwa vya Lamu, kwa kodi ya kila mwaka. Utawala ukawa wa Mwingereza, lakini milki ikabaki ya Sultani. Ndiyo maana bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Mombasa, na Maliwali, Mamudiri na Makadhi wakabaki katika kazi zao. Mwaka 1920 bara ikafanywa koloni, ila ukanda ukabaki himaya. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia likazuka swali zito: Mwingereza akiondoka, ukanda huu amkabidhi nani? Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kuchunguza. Ripoti yake ya Desemba mwaka huo ilishauri ukanda uungane na Kenya kabla ya uhuru, watu wake wakiwekewa dhamana.

ASUBUHI: MLANGO NA NYUMBA

Naomba ieleweke kwamba maneno nitakayoyasimulia ni ya wanafunzi, si ya viongozi waliosemewa.

Nafasi ya Sheikh Abdilahi Nassir, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Coast People's Party na wa madai ya Mwambao, alipewa kijana Mkamba wa Shauri Moyo. Alisimama akiwa amevaa kofia ya kuazima iliyomwelea kidogo, lakini maneno yake hayakumwelea. Alisema, "Nyumba iliyopangishwa hurudishwa kwa mwenyewe, wala mpangaji hana ruhusa ya kumpa jirani. Nasi si watumwa wa mwenye nyumba wala wa jirani. Tuulizwe sisi tunaolala ndani." Nilijihisi nimerudi Mji wa Kale mwaka 1961.

Aliyemsemea Tom Mboya alikuwa kijana Msomali wa Eastleigh. Akairudia hoja ya mwenziwe kwa ukamilifu, kama sheria ilivyotaka, kisha akajibu: "Nawe utaniambia nini juu ya Kilindini? Reli yote inaishia pale. Nchi isiyo na bandari yake ni nyumba isiyo na mlango, na mlango wake anao mtu mwingine."

Hapo ndipo alipoingia msichana aliyemsemea Ronald Ngala, kiongozi wa KADU, naye mwenyewe Mgiriama. Hoja yake ilinigusa kwa sababu sisi watu wa mijini tumezoea kuisahau. "Ninyi wawili mnazungumza kama kwamba pwani ina watu wa namna moja," alisema. "Wamijikenda wamo ndani ya ukanda huo huo, na bendera ya Sultani hawaitaki. Lakini pia hawataki kuamuliwa kila jambo na Nairobi. Tupeni jimbo letu lenye baraza lake." Ukumbi ukanyamaza. Kijana wa Mwambao alitakiwa airudie hoja hiyo kabla ya kuijibu. Alijaribu mara tatu ndipo msichana akakubali kwamba amesikiwa.

Kufikia adhuhuri walikuwa wamepatana juu ya majimbo, kama walivyopatana wakubwa mwaka 1962, lakini suala la ukanda lilikuwa limebaki. Waislamu waliokuwako tukatoka kuswali, wengine wakaenda kununua chapati na maharagwe.

ALASIRI: BARUA YA TAREHE 5 OKTOBA

Kikao cha alasiri ndicho kilichonifanya nione kwamba kazi hii si mchezo.

Mwaka 1963 mambo yalikuwa yamebadilika. KANU ilikuwa imeshinda uchaguzi wa Mei, Mzee Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni. Upande wa Unguja, Waziri Mkuu alikuwa Bwana Mohamed Shamte, na Sultani alikuwa Jamshid bin Abdullah, aliyerithi kiti mwezi Julai. Tarehe 5 Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte waliandikiana barua, na tarehe 8 Oktoba ukatiwa sahihi mkataba kwamba Kenya itakapopata uhuru, milki ya Sultani juu ya ukanda itakoma.

Barua hizo zina ahadi tano, na wanafunzi walizibandika ukutani kwa herufi kubwa. Moja, kila mtu atakuwa huru katika dini yake, Waislamu wakitajwa hasa. Mbili, mamlaka ya Kadhi Mkuu na Makadhi wengine yatahifadhiwa katika mambo ya Waislamu kama vile ndoa, talaka na mirathi. Tatu, katika sehemu zenye Waislamu wengi, maofisa wa utawala watakuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Nne, watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu, kadiri itakavyowezekana, na skuli za Waislamu zitaendelea kusaidiwa. Tano, hati za kumiliki ardhi ya pwani zilizokwisha kuandikishwa zitatambuliwa daima, na ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenyewe atalipwa fidia kamili.

Bwana Shamte alisemewa na kijana Mjaluo wa Ziwani, Mkristo. Mzee Kenyatta alisemewa na binti wa Kiislamu kutoka Majengo, aliyejifunga buibui yake barabara na kushika usinga wa kutengeneza. Wawili hawa walipambana kwa muda wa saa nzima juu ya maneno mawili tu: "kadiri itakavyowezekana."

Shamte wa Ziwani alitaka yafutwe. "Ahadi yenye maneno haya," alisema, "ni kikapu chenye tundu. Atakayesema haiwezekani ni nani? Ni wewe mwenyewe uliyeahidi." Kenyatta wa Majengo akamjibu, "Serikali yangu haina hata siku moja. Sijui hazina ina nini, sijui nina walimu wangapi wa Kiarabu. Ukinilazimisha kuahidi lisilowezekana, utakuwa umenifundisha uongo kabla ya uhuru." Nilimtazama binti yule, nikajua kwamba katika moyo wake anataka Kiarabu kifundishwe, lakini alichukua nafasi aliyopewa kwa uaminifu. Mwisho maneno yale yakabaki, kama yalivyobaki London.

KITI KITUPU

Walipokwisha kutia sahihi na kupigiana makofi, mwalimu aliinuka akaandika ubaoni: 12 Januari 1964. Kisha akaenda kwa Shamte wa Ziwani, akamwondoa kitini, akamwambia atoke nje ya ukumbi. Kiti kikabaki kitupu.

Kila msomaji wetu anaijua tarehe hiyo. Unguja ilipata uhuru 10 Desemba 1963, Kenya 12 Desemba, na mwezi mmoja baadaye serikali ya Shamte ikapinduliwa. Sultani Jamshid akakimbilia ugenini, akakaa Uingereza miaka mingi, mpaka alipofariki dunia Oman mwezi Desemba 2024. Tangu barua kuandikwa hadi mapinduzi zilikuwa zimepita siku 99.

Mwalimu akauliza, "Kenyatta alimwahidi Shamte. Shamte hayupo. Barua hii sasa ni ya nani?"

Mimi nimesikia habari za barua ile tangu utotoni. Nimezisikia misikitini, barazani na katika kampeni za uchaguzi, mara nyingi kwa uchungu. Nimesikia pia zikitajwa na waliosema kwamba pwani si Kenya, wale wa Mombasa Republican Council, ambao marufuku yao iliondolewa na Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2012. Lakini sijapata kusikia swali lile likiulizwa kwa uwazi vile: ahadi aliyopewa serikali ya nchi nyingine, je, watu wa pwani wenyewe walipewa nini mkononi?

Wanafunzi walipewa nusu saa kutafuta jibu, wakiwa na nakala za katiba mezani. Jibu walilolileta ni rahisi, na linashikika. Katika zile ahadi tano, tatu ziliingia ndani ya katiba ya uhuru: uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, na ulinzi wa mali. Hizo hazikuhitaji Shamte awepo. Mbili, yaani maofisa Waislamu na Kiarabu skulini, zilibaki katika barua, zikiwa na yale maneno yao mawili. Nazo zikategemea moyo wa kila aliyekuja kushika kalamu.

Lakini msichana wa Ngala hakukubali upesi. "Majimbo nayo yaliandikwa katika katiba," alisema. "Yakaenda wapi?" Na kweli, KADU ilijivunja Novemba 1964, Kenya ikawa Jamhuri Desemba mwaka huo, mamlaka ya majimbo yakaondolewa, na mwaka 1966 Seneti nayo ikafutwa. Basi kuandikwa peke yake hakutoshi. Wakarudi tena kwenye karatasi, na kijana wa Mwambao ndiye aliyepata la kusema: "Mahakama ya Kadhi ina watu mlangoni kila siku. Kuna anayeoa, anayeacha, anayerithi. Ukiifunga leo, kesho watu watauliza. Majimbo yalikufa kabla hayajapata watu mlangoni."

Naona maneno ya kijana huyu yana ukweli mkubwa. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ilizieneza mahakama hizo hata bara, nje ya ukanda wa zamani. Mwaka 2010 zilipingwa vikali, na baadhi ya viongozi wa makanisa wakazifanya sababu ya kuikataa katiba mpya. Hata hivyo kura ya maoni ya 4 Agosti 2010 iliipitisha katiba hiyo, na mahakama za Kadhi zimo katika kifungu cha 170. Jambo lililoombwa London kwa ajili ya watu wa Mwambao likawa haki ya Mwislamu wa Garissa, wa Mumias na wa Majengo.

DAKIKA KUMI ZA BENCHI

Hatimaye walioketi ukutani wakaruhusiwa kusema. Wa kwanza alisimama kwa niaba ya wapagazi, akasema neno moja tu, kwamba mtaa huu umepewa jina la kazi yao na wao hawakupewa hata kiti. Akaketi.

Wa pili aliwasemea maskwota wa pwani. Aliinyoshea kidole ahadi ya tano. "Hii ndiyo ahadi isiyo na maneno 'kadiri itakavyowezekana'," alisema. "Hii imeandikwa 'daima'. Je, mliuliza hati hizo zilipatikanaje?" Kisha akaeleza sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ya ukanda ajitokeze na kuthibitisha. Waliojua ofisi, karatasi na mawakili walijitokeza. Wengi wa Wamijikenda hawakuandikisha kitu, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. "Kwa hiyo mlipoahidi kulinda hati," alimaliza, "mlilinda pia ukosefu wa hati. Babu yangu alilala Mwenye shamba akaamka skwota, nanyi mkatia sahihi aendelee kuwa hivyo."

Maneno haya ni mazito kwetu, na sitaki kuyapunguza. Wako miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wenye hati za mababu, walizozipata kwa halali na kuzitunza kwa taabu. Wako pia wanaoishi juu ya ardhi ya mtu ambaye hawajapata kumwona. Wote wawili hukutana msikiti mmoja Ijumaa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, iliyataja madhila ya ardhi ya pwani kuwa miongoni mwa dhuluma za kihistoria za nchi hii. Ukumbi wa Kariokor haukuyatatua, wala haukujidai kuyatatua. Lakini niliona jambo moja: watoto wa Majengo waliielewa hoja ya skwota upesi kuliko hoja nyingine yoyote. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya Waswahili wa Pangani ya zamani ya Nairobi, waliojenga nyumba zao wenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1930 wakabomolewa kijiji wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Wanajua mtu anavyoweza kuwa na nyumba pasipo kuwa na mahali.

BINTI WA MAJENGO

Baada ya mkutano kwisha, yule aliyekuwa Kenyatta alinijia, akaniamkia, "Asalaam alaykum, mzee wangu." Nikamwitikia, nikamwuliza, "Vipi, mwanangu, uliwezaje kumkatalia Shamte Kiarabu?"

Akacheka, kisha akasema, "Nilikuwa nikiumia. Lakini nilipokuwa nikimkatalia ndipo nilipojua mwenye madaraka hukataa vipi. Hasemi 'sitaki'. Husema 'tutaona'. Siku nyingine nikiwa ng'ambo ile ya meza, nitajua niombe nini."

Akaniambia pia kwamba babake alipofariki, mamake alizuiliwa na ndugu wa mume kuingia katika nyumba ya urithi. Mama huyo hakuwa na fedha za wakili. Alikwenda kwa Kadhi hapa hapa Nairobi na cheti chake cha ndoa, na baada ya miezi kadha akapata fungu lake na la wanawe. "Leo asubuhi," akasema, "sikujua kwamba haki ile ilikuwa karatasi ya London iliyosafirishwa mpaka kwetu."

FUNZO KWETU

Wasomaji wapenzi, sisi wa pwani tumekuwa watu wa kusimulia ahadi zile kuliko kuzisoma. Mzee huusimulia mkataba wa Sultani kwa mwanawe, mwana kwa mjukuu, na kila mara unaongezeka chumvi au unapungua. Wenye kutaka kura huutumia, wenye hasira huutumia, na wenye kuudharau husema umekufa. Wachache ndio waliopata kukaa na karatasi tano mbele yao na kuuliza ipi iliingia katika katiba, ipi ilibaki barua, ipi ilimfaa nani na ipi ilimwacha nje nani. Watoto wa Kariokor walifanya hivyo kwa siku moja.

Mali bila daftari, wazee walinena, huisha bila habari. Haki nayo ni mali. Na daftari peke yake, kama alivyotukumbusha msichana wa Ngala, huweza kufungiwa kabatini. Hubaki ile haki iliyoandikwa na ambayo watu wanaitumia, wanaidai, na wanakuja mlangoni kila siku kuiuliza.

Kwa hiyo nawasihi walimu wetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale, wa skuli na wa madrasa, walijaribu jambo hili. Halina gharama kubwa. Mpeni mtoto wa Mji wa Kale amsemee Mgiriama, na mtoto wa Kaloleni ya Kilifi amsemee Sheikh. Mpeni mwenye hati asimame upande wa asiye na hati, na asiyejibu mpaka airudie hoja ya mwenziwe. Kinachotakikana ni meza moja, viti vichache, nakala za barua na za katiba, na mwalimu mwenye subira. Ila benchi lile la ukutani lisisahauliwe.